Karatasi Tisa za Mguu wa Seremala

"Usiguse kitu," Profesa alisema kabla Inspekta hajavuka kizingiti vizuri. "Na huyo mwenzako asipumulie mizani yangu."

Koplo, aliyefikisha miaka hamsini na minane bila mtu kulalamikia pumzi zake, alifunga mdomo na kurudi nyuma hatua moja.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja pana. Meza nyeupe, friji mbili, mizani ndani ya kisanduku cha kioo, na ukutani rafu ya tyubu za bati zisizo na jina, kila moja na namba yake tu. Palinukia asali, na chini ya asali kitu kichungu. Mshubiri. Profesa alikuwa ameihangaikia jeli hiyo kwa miaka kumi na moja. Kwa miezi mitano sasa ilikuwa ikipakwa kwenye vidonda vya watu katika wodi ya ghorofa ya chini, ijulikane kama kweli inaponya au inanukia tu.

Mgonjwa wa kumi na tisa alikuwa seremala aliyejikata mguu kwa msumeno. Siku ya kumi na nane alikufa, sumu imeshaingia kwenye damu. Ndugu walimzika kesho yake, bila maiti kupasuliwa na kuchunguzwa. Nesi aliyekuwa akimfunga kidonda alikamatwa jana mchana, na aliyemkamata ni Inspekta mwenyewe. Jina la nesi lilikuwa kwenye orodha ya gari la mahabusu litakaloondoka kituoni saa saba na nusu kwenda mahakamani, na mbele ya jina hilo iliandikwa: kuua bila kukusudia. Sasa ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

"Mshukiwa mnaye," Profesa alisema. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, koti jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. "Kwangu mmefuata nini?"

"Tyubu namba kumi na tisa."

"Ripoti yake nilikupa. Mdomo wa tyubu umejaa vijidudu vya usaha. Tyubu zilizofungwa, za mchanganyiko uleule, ni safi. Mtu aliyeifungua aliichafua. Aliyeifungua ni nesi. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili hiyo."

"Mtoto wa darasa la pili hajaniambia usaha ulisafiri kwenda wapi," Inspekta alisema. "Ulitoka kwenye tyubu ukaingia mguuni, au ulitoka mguuni ukapanda kwenye tyubu?"

Profesa alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeingia na matope.

"Mguu ulikuwa unapona. Kitu kinachopona hakitoi usaha."

"Ulikiona kidonda?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Sitakiwi kukiona! Hiyo ndiyo sheria ya kazi hii. Mtengeneza dawa akitazama kidonda, jicho lake linapona kabla ya ngozi. Kwa hiyo nesi anapaka, mpimaji anapima, mimi nasoma karatasi. Kila baada ya siku moja, mpimaji anaweka plastiki angavu juu ya kidonda, anafuata ukingo wake kwa kalamu, anachora mshale wa kuonyesha kichwa cha mgonjwa kiko upande gani, anaandika tarehe, anatia sahihi. Siku ya kwanza kidonda cha seremala kilikuwa cha kiganja. Siku ya kumi na saba kilikuwa cha kifuniko cha chupa ya soda. Kesho yake mtu amekufa. Hapo katikati nani alimgusa?"

"Picha?"

"Kamera iliharibika mwezi wa pili. Karatasi zinatosha."

Koplo alikuwa ameliinamia daftari lililofunguliwa kando ya mizani, mikono nyuma kama mtu anayesoma tangazo la msiba. "Afande," alisema kwa sauti ndogo. "Namba kumi na tisa hii hapa."

Ilikuwa kawaida ya maabara hiyo kwamba kila tyubu hupimwa uzito ikishuka wodini na ikirudi, ili ijulikane jeli kiasi gani imetumika. Inspekta alifuata mstari kwa kidole bila kuugusa. Gramu nane. Nane. Tisa. Kumi na moja. Kumi na nne. Mwisho wa safu ilikuwa ishirini na mbili.

"Kidonda kinapungua," alisema, "jeli inaongezeka."

"Umeona sasa?" Profesa alipiga meza kwa kiganja. "Mchafu, na mwizi juu yake. Alikuwa anaikamua anapeleka nyumbani. Mama yake ana vidonda vya kisukari miguuni, jengo zima linajua."

Inspekta aliandika: *mama, kisukari*. Kisha akamtuma Koplo.

Koplo alirudi saa nne na nusu, jasho limemlowanisha kola, akamkuta Inspekta kwenye ngazi za nje.

"Mama mzazi wa nesi hana vidonda miguuni," alisema. "Wala hana miguu ya kuwa na vidonda. Alizikwa mwaka juzi. Nimeonyeshwa kaburi, nimeonyeshwa cheti, na nimetukanwa na shangazi wawili kwa kuuliza."

"Jengo zima linajua."

"Jengo zima lina domo, afande."

* * *

Karakana ya seremala ilikuwa nyuma ya nyumba yake, mabati juu, sakafu ya udongo ulioshindiliwa. Kabati lisilo na milango lilisimama katikati. Mjane alikuwa anafagia maranda ambayo hakuna aliyeyamwaga upya. Alikuwa anayahamisha kutoka kona hii kwenda ile. Mwanamke mfupi, mikono mikubwa.

"Nyinyi tena," alisema. "Nesi mmeshamchukua. Leo mmefuata fagio?"

"Pole na msiba, mama."

"Jana hukuja na pole. Jana ulikuja na pingu, ukamkamata mtu aliyekuja kunizikia mwenzangu, mbele ya wakwe zangu."

Inspekta alifungua daftari lake. "Nataka kujua kuhusu ile jeli. Nesi alikuwa anabakisha? Anaweka mfukoni?"

"Abakishe nini? Mguu ulikuwa unaimeza! Siku za mwanzo kijiti kimoja, kidogo tu. Wiki ya pili anapaka kama anapaka siagi mkate wa ukoo mzima, na bado haitoshi, kidonda kimeshavuka kwenda kwingine."

"Kimevuka? Karatasi zinasema kilikuwa kinajifunga."

"Karatasi zipi?"

"Za mpimaji. Kila baada ya siku moja alikuja kukichora."

"Nani, yule kijana wa miwani?" Mjane aliegemeza fagio kwenye kabati. "Alikuja siku ya kwanza. Akamchora mume wangu mguu kama anapima kiwanja. Mkono ulikuwa unamtetemeka, na mume wangu hakuwa mtu wa kunyamaza. Akamwambia, kijana, kwangu nisingekupa hata msasa ushike. Kijana akakimbilia dirishani akatapika nje, yote, mpaka nyongo. Hatukumwona tena mpaka tunazika. Na kuzika hakuja."

"Labda alikuja ukiwa umerudi nyumbani."

"Nyumbani wapi? Nililala chini ya kitanda kile siku kumi na nane. Chooni nilikuwa nakwenda mbio kama nimeiba."

"Karatasi ziko tisa, mama. Zote zina sahihi yake."

"Basi mngezika karatasi."

Mjane alichukua fagio tena.

"Mzee wa kitanda cha jirani aliomba ahamishwe kwa sababu ya harufu. Muulizeni na yeye kama karatasi ilikuwa inanuka. Haya, nipisheni, mmesimama kwenye uchafu wangu."

Mzee wa kitanda cha jirani alipatikana kwa simu. Alikuwa amehamishwa siku ya tisa. Kwa nini? "Mwanangu," alisema mzee, "mimi nimefanya kazi machinjioni miaka thelathini. Nikikuambia kitu kilinuka, kilinuka."

* * *

Mpimaji alikuwa na ofisi ghorofa ya pili: meza, kiti, kabati la chuma, na mashine ya kutolea nakala iliyochukua robo ya chumba. Umri wake ungekuwa miaka ishirini na saba. Miwani safi, kucha safi, na mdomoni pipi ya mnanaa. Alikuwa daktari, na alikuwa mtoto wa mdogo wake Profesa, wa tumbo moja. Saa sita kasoro dakika tano Inspekta alivuta kiti bila kukaribishwa.

"Seremala ulimpima mara ngapi?"

"Mara tisa. Imeandikwa."

"Mkewe anasema mara moja."

"Mkewe alikuwa analala. Mimi nilikuwa naenda alfajiri."

"Ukamfungua mtu bandeji, ukamchora, ukamfunga, na mke wake yuko chini ya kitanda hichohicho asiamke?"

"Nina mkono mwepesi."

"Nilisikia unatetemeka."

Pipi ilihama kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto. "Mama yule amefiwa. Amechanganyikiwa. Mnataka kuweka maneno yake mbele ya vipimo?"

"Mwanangu," ilisema sauti mlangoni, "usiwajibu zaidi ya walichokuuliza." Profesa alikuwa ameingia na jalada kifuani. "Mmetoka kuwasumbua marehemu, sasa mmehamia kwa walio hai. Karatasi hizi hapa. Zitazameni mshibe, halafu mwondoke na vumbi lenu."

Alizibandika mwenyewe kwenye kioo cha dirisha, moja baada ya moja, kwa utepe wa gundi. Mwanga wa mchana ulipita katikati. Vidonda tisa vya wino mweusi, kutoka kiganja mpaka kifuniko cha soda, na chini ya kila kimoja sahihi mbili: ya mpimaji na ya Profesa. Zilikuwa nadhifu. Hata mtu asiyejua kitu angesema mguu huo unaelekea kupona.

"Zinapendeza," Koplo alisema. "Kama mashati ya fundi mmoja. La baba, la kaka mkubwa, la mdogo wake, mpaka la kitinda mimba."

"Hapa si sokoni," Profesa alisema.

"Sema tena," Inspekta alimwambia Koplo.

"Mama yangu alikuwa mshonaji, afande. Akishakata shati la baba, la mtoto hasumbuki. Anapunguza pote sawasawa. Kola inapungua, mkono unapungua, mfuko unapungua. Shati ni lilelile."

Inspekta alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kidonda cha kwanza kilikuwa na ncha chini, upande wa kushoto, iliyojikunja kama ulimi wa mbwa. Kwenye cha tano ulimi ulikuwepo. Kwenye cha tisa ulikuwepo, mdogo kama punje ya mchele, umejikunja vilevile.

"Nifundisheni," alisema. "Kidonda kikipona, kinapungua pote kwa usawa?"

"Hapana kabisa," Profesa alijibu haraka, kwa sauti ya darasani. "Ngozi inaanzia pembeni. Pembe nyembamba ndizo zinazofunga kwanza, umbo linabadilika kila..."

Aligeuka kutazama kioo.

"Koplo, rula."

Rula ilikuwa mezani. Inspekta hakupima vidonda. Alipima mishale, ile midogo ya kuonyesha kichwa kiko wapi, ambayo hakuna mtu anayeitazama. Alisoma kwa sauti na Koplo akaandika. Wa kwanza, milimita thelathini. Wa pili, ishirini na saba. Wa tatu, ishirini na nne. Ishirini na mbili. Ishirini. Kumi na nane. Kumi na sita. Kumi na nne. Kumi na tatu.

Aliweka rula chini.

"Kidonda nimekubali kilipakwa jeli, daktari. Mshale ulipakwa nini?"

Mpimaji aliacha kumung'unya.

"Kila mshale ni tisa ya kumi ya mwenzake. Mashine ile pale ukiibonyeza asilimia tisini, thelathini inatoka ishirini na saba. Ukichukua nakala ukaipunguza tena, unapata ishirini na nne. Unaweka plastiki mpya juu ya nakala, unafuata mistari kwa kalamu. Kazi ya dakika tatu, umekaa, una pipi yako mdomoni. Ila ulifuata kila mstari uliouona, pamoja na ule usiokuwa wa kidonda."

"Ni bahati tu," alisema mpimaji. "Siku nyingine mtu anachora mshale mrefu, siku nyingine..."

"Bahati yenye hesabu kali namna hii ningeiajiri polisi. Ulikwenda wodini mara ngapi?"

"Nimeshasema."

"Mara ngapi?"

"Mjibu," alisema Profesa. Hakuwa anamtazama, alikuwa anatazama dirisha.

"Mara moja," mpimaji alisema. Aliitema pipi kwenye kiganja. "Mama mkubwa, nilikuambia. Tangu mwanzo nilikuambia nihamishie kwenye mizani. Nikinusa usaha natapika. Ukaniambia daktari anayetapika ni sawa na mvuvi anayeogopa maji, nitazoea. Sikuzoea!"

"Ningemwamini nani mwingine na kazi hii? Mtu baki?"

"Ndiyo! Mtu baki!"

Inspekta aliwaacha wamalize, kisha akauliza: "Kidonda kikikua, sheria yenu inasemaje?"

Mpimaji alimtazama Profesa kwanza. Kisha akasema: "Kikiongezeka kwa robo, mgonjwa anatolewa kwenye majaribio. Anapelekwa kwa wapasuaji siku hiyohiyo."

"Na nesi alikuambia kinaongezeka."

"Alinifuata mlangoni. Nikamwambia yeye hakusomea kupima."

"Nawe?" Inspekta alimgeukia Profesa.

"Alinifuata na mimi." Profesa alinyoosha mgongo. "Nikatazama karatasi. Karatasi ilisema kinapona. Nikamwambia akafunge kidonda, na mdomo wake aufunge pia."

Koplo alikuwa ameshapiga simu kituoni. Alisikiliza, akaitikia mara tatu, akakata. "Sajini wa zamu anasema orodha ni orodha, afande. Hawezi kumtoa mtu garini kwa hadithi ya simu. Anataka aone kitu mezani."

"Basi tunazichukua hizi."

Profesa alikuwa mwepesi kuliko umri wake. Karatasi tisa zilibanduliwa kwenye kioo, zikaingia jaladani, jalada likaingia kwenye kabati la chuma, na ufunguo ukaingia mfuko wa koti. "Hizi ni mali ya utafiti," alisema. "Huna hati ya mahakama. Kailete."

"Hati itachukua siku mbili. Gari la nesi linaondoka baada ya dakika arobaini."

"Nitakuwa hapa siku mbili. Nimekuwa hapa miaka kumi na moja."

"Akishasomewa shitaka, hata nikirudi na hati, atakuwa na kesi ya kuua. Miaka ishirini na miwili ya kazi yake imekwisha."

"Na yangu?" Sauti ya Profesa ilipanda kwa mara ya kwanza. "Ni kijana mmoja mpumbavu na mguu mmoja! Mmoja! Niko na wagonjwa thelathini na sita!"

"Una uhakika ni mguu mmoja?"

"Nina uhakika."

"Ulikuwa na uhakika na huu pia." Inspekta alichukua rula, akaisukuma juu ya meza mpaka ikagusa koti jeupe. "Mimi ni polisi, sijui kupima. Wewe pima. Funguo unazo, macho unayo. Kama mishale mingine yote iko sawa, mimi naondoka na samahani naacha hapa mezani."

Ilikuwa saa sita na dakika arobaini na nane. Profesa aliichukua rula. Kisha alifungua kabati, akatoa jalada la kwanza, akaketi.

Mgonjwa wa kwanza, mishale ilikuwa mirefu, mifupi, imepinda, kila mmoja na wake, kama inavyochorwa na mkono wa mtu aliyesimama kando ya kitanda. Profesa alimtupia Inspekta jicho. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Jalada la nne alilipima mara moja, akalipima tena kutoka mwisho kurudi mwanzo, akaliweka upande wa kushoto. La tano kulia. La saba kushoto. La nane kushoto. Mpimaji alikuwa ameufunika uso. Lilipofika la kumi na mbili, kushoto kulikuwa na majalada matano, na Profesa aliacha kupima.

"Wagonjwa wa jeli waliobaki wodini ni wangapi?" Inspekta aliuliza.

"Wawili." Alivuta simu ya mezani, akabonyeza namba tatu. "Wapasuaji? Shukeni wodi ya chini. Wagonjwa wawili, kitanda cha pili na cha tisa. Fungueni bandeji mtazame. Hapana. Hapana, msisome karatasi. Tazameni miguu." Akakata.

Alikusanya majalada matano pamoja na la seremala, akamtupia Inspekta mikononi.

"Chukua. Umefurahi?"

"Hapana."

"Pengine ilikuwa inaponya," Profesa alisema. "Unaelewa ulichobeba? Wapo waliopona kweli, nimewaona wakitoka kwa miguu yao. Lakini sasa hakuna anayejua kama ni jeli au ni Mungu. Hata mimi sijui. Ondoka na huyu mtoto wa mdogo wangu kabla sijamshika mwenyewe."

* * *

Gari la mahabusu lilikuwa limeshawashwa. Saa saba na dakika ishirini na sita Koplo alilizibia njia kwa gari lao, akashuka na mpimaji kwa mkono mmoja na majalada kwa mkono wa pili. Sajini wa zamu alizipanga karatasi kwenye kaunta, akaweka kidole kwenye mshale wa kwanza, kidole cha pili kwenye wa tisa, akasonya. Alichukua kalamu akakata jina moja kwenye orodha.

Nesi aliteremshwa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tano hivi, bado kavaa nguo za msibani, kilemba kimelegea. Inspekta alimfungua pingu mwenyewe, akampeleka ofisini, akamweleza yote kwa sentensi saba.

"Uko huru, dada," alimaliza. "Koplo atakurudisha nyumbani."

Nesi hakuinuka.

"Jana nilikueleza saa nzima," alisema. "Ukanipa karatasi nitie sahihi. Uliandika nini?"

"Niliandika kwamba unakana kosa."

"Saa nzima. Neno moja."

"Nilikosea."

"Sijaja kukusikiliza wewe ulivyokosea. Niliyosema jana ndiyo niliyowaambia wale wodini, wakaandika ya kwao, na wewe ukaandika ya kwako. Leo mnanifungulia mlango, mnadhani nitatoka na neno 'anakana' mgongoni. Vuta karatasi. Andika."

"Gari la kukurudisha..."

"Andika!"

Koplo, aliyekuwa mlangoni, alitoka akaufunga taratibu. Inspekta alivuta karatasi safi.

Nesi alizungumza polepole, kama anayesomea mtu dozi. Siku ya tano kidonda kilitoa maji ya kijani, alimwambia mpimaji. Siku ya saba kiliongezeka vidole viwili kuelekea goti. Alimwambia mpimaji, akamwambia Profesa. Siku ya tisa harufu. Aliomba jirani ahamishwe, akamwambia Profesa tena, akaambiwa afunge mdomo. Siku ya kumi na moja mgonjwa alipata homa; aliandika kwenye kitabu cha wodi, kitabu kipo, kitafutwe. Kalamu ya Inspekta ilikimbia. Mara mbili nesi alimsimamisha amsomee alichoandika, na mara moja akamfutisha neno.

"Siku ya kumi na tatu," Inspekta alisema, akisubiri.

Nesi alitazama mikono yake. Pingu ilikuwa imeacha alama.

"Siku ya kumi na tatu sikusema kitu. Nilikuwa nimechoka kusema. Nilimsafisha, nikamfunga, nikaenda zangu. Siku ya kumi na tano pia. Ningeweza kumbeba mwenyewe kwa kiti cha magurudumu mpaka kwa wapasuaji, ni ghorofa moja tu. Sikumbeba."

Kalamu ilisimama.

"Hilo si lazima liwemo," Inspekta alisema. "Wakili yeyote atalishika hilo, dada. Litakudhuru."

"Nimekuuliza kama litanidhuru?"

"Hapana."

"Mguu ule umeandikiwa uongo mara nane," nesi alisema. "Mimi sitaandika wa tisa. Andika nilivyosema. Sikumbeba."

Inspekta aliandika. Nesi alimtaka aisome, naye akaisoma, kwa sauti, mpaka neno la mwisho. Kisha nesi alichukua kalamu, akatia sahihi yake chini, akajifunga kilemba vizuri, akaenda kumtafuta mwenye funguo za wodi, kile kitabu kitolewe.